Kawa la ndege: namna ya kulisha na kunywesha ndege wadogo wa uani Dar es Salaam bila kumwita kunguru

Ukitaka ndege wadogo uani kwako Dar es Salaam, anza kwa kumfikiria kunguru. Mbegu, maji, maua, waya na matundu vyote vinafuata baada ya hapo. Mimi sikujua. Mwaka wa kwanza tulipohamia Mbagala niliweka sahani ya bati juu ya ukuta, nikatia wali wa jana na makombo ya chapati, nikakaa dirishani na wanangu kusubiri shomoro. Walikuja kunguru sita. Kesho yake walikuwa wengi zaidi, na ndani ya wiki moja walishaujua ukuta wetu kama mtu anavyoujua mlango wake. Kwenye mnazi wa jirani kulikuwa na viota vya mnana, vile vya manjano vinavyoning'inia kama vibuyu. Kunguru waliokuja kula wali wetu waliviona. Wanangu walisimama uani wakimtazama kunguru akikipasua kiota na kuchomoa kinda. Sahani niliitoa jioni ile ile.

Huyu kunguru tunayemlalamikia, mweusi mwenye shingo ya kijivu, si wa hapa. Aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka, akavuka bahari na kuenea pwani nzima. Kunguru wetu wa asili ni yule mwenye kifua na shingo nyeupe, na siku hizi mjini humwoni mara nyingi. Kunguru wa India anakula chochote tunachotupa, na akimaliza taka hugeukia mayai na makinda ya ndege wadogo. Kwa hiyo kila chakula unachoacha wazi uani unamlisha yeye kwanza.

Aliyenitoa kwenye tatizo hili ni mama mkwe wangu, na alilitatua kwa ukindu, yale majani ya mkindu ya kusukia mikeka. Alikuja kutoka Ikwiriri, akashukia Rangi Tatu na fungu la ukindu begani kwa ajili ya mkeka wa mjukuu. Nilipomweleza habari ya sahani, aliuliza swali moja tu: "Chakula cha watu unakifunika kwa nini, cha ndege unakiacha wazi?" Siku hiyo hiyo akaanza kusuka ukili, yaani utepe mrefu wa ukindu, wa kushonea kawa, kile kifuniko cha chakula chenye umbo la pembe.

Hapa naeleza tulivyofanya, na tunavyofanya hadi leo. Ni kifuu kizima cha nazi chenye matundu mawili, kimening'inizwa chini ya kawa. Ndege mdogo anaingia kutoka chini na pembeni. Kunguru akitua juu anateleza kwenye kawa, na akitaka kudokoa kutoka pembeni hana pa kusimama.

Vitu vya kutafuta

Nazi kavu moja nzima, kubwa kadiri utakavyopata, isiyo na ufa. Ukindu uliokaushwa, fungu dogo. Usipokuwa na ndugu wa kukuletea kutoka Rufiji au Bagamoyo, waulize wasuka mikeka wa mtaani kwako. Kila mtaa una mama mmoja anayesuka, na atakuuzia kidogo au akuelekeze anakonunua. Miyaa, majani mengine ya kusukia, inafaa pia, ila ni migumu zaidi na vidole vya watoto vitaumia. Tafuta shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka, kisha waya wa kufungia nondo kama mita mbili, msasa, tupa, na drili. Sisi hatuna drili, tulimpelekea fundi seremala akatutobolea huku akitucheka.

Mbegu nunua kwa kilo sokoni: uwele na ulezi, na mtama kidogo. Usinunue mbegu za kupanda zilizopakwa dawa ya rangi. Zile ni sumu.

Kifuu

Nazi ina macho matatu, na moja kati yake ni laini. Toboa hilo kwa ncha ya kisu, mimina maji yake, wape watoto wanywe. Tundu hilo usilizibe, waya utapita hapo baadaye.

Chora duara mbili ubavuni, moja ikitazamana na nyingine, kila moja na upana wa sentimita 5. Kipimo hiki kina maana. Shomoro na mnana wanapita bila shida. Kunguru mzima ana urefu wa karibu sentimita 40, na tundu hilo linampitisha kichwa tu. Matundu lazima yawe mawili. Kifuu cha kwanza tulikitengeneza na tundu moja kikakaa wiki tatu bila mgeni, kwa sababu ndege hapendi kuingiza kichwa mahali asipoona pa kutokea. Tulipotoboa upande wa pili, shomoro dume aliingia siku ya tatu.

Fundi atoboe vitundu vidogo vilivyokaribiana kufuata ule mstari wa duara, kisha kipande cha katikati kigongwe taratibu kwa nyundo kitoke. Ukingo utakuwa na meno meno. Usawazishe kwa tupa, halafu kwa msasa, mpaka ukipitisha kidole usihisi mkwaruzo. Kazi ya msasa wape watoto. Mwanangu wa pili, mwenye miaka sita, alisugua kifuu siku mbili mpaka kikang'aa kama kimepakwa mafuta, na hadi leo akionyesha wageni anasema "changu".

Nyama ya nazi itoe yote. Najua wengine huiacha ndani ndege wadonoe, lakini kwa joto na unyevu wa Dar nyama hiyo huota ukungu ndani ya siku chache. Weka kifuu juani siku mbili au tatu, nyama itasinyaa na kujiachia, uichomoe kwa kisu. Mwisho toboa vitundu vinne au vitano chini kabisa kwa msumari mwembamba uliopashwa moto, vidogo kuliko punje ya uwele, ili maji ya mvua yatoke na mbegu zibaki. Msumari wa moto aushike mtu mzima kwa koleo.

Kawa

Kama unajua kusuka ukili, sehemu hii ipite. Kama hujui, tenga jioni mbili, tatu hivi, na usione aibu kumwomba mtu mzima akuanzishie.

Ukindu mkavu hausukiki, unavunjika. Uloweke kwa muda mfupi au uufunge kwenye kitambaa chenye maji usiku mmoja, uwe laini bila kuwa chepechepe. Uchane vipande vyenye upana sawa, kama nusu sentimita. Hapa ndipo wasuka wa mara ya kwanza wanapoharibu: kipande kimoja kinene na kingine chembamba, na ukili unapinda kama njia ya mbuzi. Mama mkwe anachana kwa ukucha wa dole gumba, bila kutazama, huku anaongea. Mimi natumia ncha ya sindano.

Chukua vipande vinne, vikunje katikati upate ncha nane. Suka kwa kupishana, juu ya kimoja na chini ya kingine, ukikunja cha pembeni kurudi ndani kila zamu. Kipande kikikaribia kuisha, laza kipya juu yake kabla hakijakatika, endelea. Ukili uwe na upana wa sentimita 2 hivi. Kwa kawa la ndege unahitaji pima tatu, yaani mikono iliyonyooshwa mara tatu. Mtoto anaweza kupima, na kupima huko ndiko wanakokupenda kuliko kusuka. Ukimaliza, kata vile visharubu vilivyobaki.

Sasa kushona. Anza na ncha ya ukili, ipinde ijizungushe yenyewe iwe duara dogo, uiache na tundu la kupitisha waya katikati. Shona ukingo kwa ukingo kwa ukindu mwembamba uliotungwa kwenye shazia, ukizunguka. Ukishona kwa kulegeza utapata kitu bapa kama kitanga. Tunachotaka ni pembe, kwa hiyo kila ukizunguka, vuta ukili kidogo uwe mfupi kuliko unavyotaka kuwa, nao utaanza kuinama wenyewe. Simama mara kwa mara, liweke kawa kichwani mwa mtoto uone umbo. Likiwa na upana wa sentimita 30 kwenye mdomo, funga.

Mwinuko ndio kinga yenyewe. Kawa la kwanza alilosuka mama mkwe lilikuwa bapa kidogo, zuri la kufunikia sinia, na kunguru alitua juu yake akakaa. Alilitazama, hakusema neno, akalifumua mizunguko minne ya mwisho na kulishona upya likiwa limesimama kama paa la msonge. Kunguru akajaribu tena, kucha zikakosa pa kushika, akapiga mbawa akaondoka.

Ukili peke yake unapitisha mvua kubwa. Kata duara kutoka kwenye ubavu wa dumu la plastiki lililochakaa, ulipachike ndani ya kawa juu kabisa. Haionekani na inasaidia.

Kutungika

Kunja waya mara mbili. Ncha moja ipitishe kwenye lile jicho la nazi, na kwa ndani ifunge kwenye kijiti kifupi kilicholala, ili isichomoke. Juu ya kifuu acha nafasi ya vidole vinne, kunja kitanzi cha waya, kawa likalie hapo. Ukingo wa kawa ushuke mpaka karibu usawa wa sehemu ya juu ya matundu. Ukiliweka juu mno, kunguru atadokoa kutoka pembeni. Ukilishusha mno, ndege hawataona chakula.

Tumia waya, usitumie kamba. Kunguru ana akili ya kuvuta kamba kwa mdomo, anaikanyaga kwa mguu, anavuta tena, mpaka mzigo unamfikia. Nimemwona kwa macho yangu akifanya hivyo kwa mfuko wa samaki wa jirani.

Ning'iniza kwenye tawi au mti wa paa, waya uwe na urefu usiopungua sentimita 60 kutoka tawi hadi kawa, na kusiwe na tawi jingine, ukuta wala kamba ya nguo karibu kiasi cha mkono. Urefu kutoka chini uwe kiasi cha kichwa cha mtu mzima, ili uweze kujaza bila ngazi na paka asifike kirahisi. Mwembe unafaa, mpera unafaa. Nyumba yetu ni ya kupanga, tuna wapangaji wenzetu watatu kwenye ua mmoja, kwa hiyo kabla ya kutungika nilimwendea kila mmoja. Fanya hivyo na wewe. Kinyesi cha ndege juu ya nguo za mwenzako kitakuletea ugomvi ambao kawa halitaufunika.

Kulisha

Kijiko kikubwa kimoja cha mbegu, asubuhi. Basi. Watu hujaza kifuu kwa furaha, mbegu zinamwagika, na usiku panya wanakuja kuokota. Kijiko kimoja kwetu kinaisha kabla ya adhuhuri, na chini nafagia mara moja. Jioni usiweke kitu.

Mkate, chapati na wali wenye chumvi achana navyo: havina faida kwa ndege mdogo na ndivyo vinavyomwita kunguru. Ukiwa na kipande cha papai au ndizi iliyoiva kupita kiasi, kichomeke kwenye msumari chini ya kawa la pili. Anayekuja hapo ni shore, yule mwenye kichwa cheusi kilichochongoka kidogo na manjano chini ya mkia. Pasa nao wanakuja, mikia mirefu, wanatambaa kwenye matawi kama panya, na wao hula kwa kundi mpaka kimeisha.

Kama unafuga kuku, weka kifuu mbali na banda na usiwaachie kuku waokote chini yake. Kideri na magonjwa mengine yanaweza kupita kati ya ndege wa nje na kuku wako. Kifuu kioshwe kwa sabuni mara moja kwa wiki na kukaushwa juani, na watoto wanawe mikono kila wanapokigusa.

Maji, na habari ya mbu

Kwa miezi ya kiangazi maji yanawavuta ndege kuliko mbegu. Januari na Februari, jua likiwa kali, tunapata wageni wengi kwenye maji kuliko kwenye chakula.

Hapa pia kunguru ndiye tatizo. Yeye huloweka chakula. Nilipoweka bakuli la udongo wazi nilikuta humo kipande cha utumbo wa kuku, siku nyingine mfupa, na maji yamegeuka rangi. Sasa maji nayo yako chini ya kawa: nusu ya kifuu, ile inayobaki baada ya kukuna nazi, imetobolewa matundu matatu ukingoni na kutungikwa kwa nyaya tatu zinazokutana juu. Maji yasizidi kina cha sentimita 3, na katikati weka jiwe dogo la kusimamia.

Lakini jambo ambalo silifanyii mzaha ni mbu. Dar es Salaam tulipata mlipuko wa dengue mwaka 2014, tukapata tena mwaka 2019. Mbu anayeieneza anauma mchana na anapenda maji machache yaliyotulia kwenye vyombo vya nyumbani, hasa kama kifuu. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, kwa sababu mayai yake hugandia kwenye ukuta wa chombo, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa yakipata maji. Kwa hiyo kila asubuhi: mwaga, sugua ndani kwa kumbi la nazi, suuza, jaza. Inachukua dakika moja. Kama unajua hutaweza kila siku, au mnasafiri kwenda nyumbani kijijini, shusha chombo ukifunike ndani. Ni afadhali ndege wakose maji wiki moja kuliko mtoto alale na homa ya kuvunja mifupa.

Kwa ajili ya chozi

Chozi haji kwenye mbegu. Ni kale kandege kadogo kenye mdomo mwembamba uliopinda, dume anang'aa akipigwa na jua, na anaishi kwa maji matamu ya maua na wadudu. Usihangaike kumtengenezea maji ya sukari. Kwa joto letu yanachacha upesi, na sisimizi watapanga foleni. Panda mshubiri kwenye ndoo iliyotoboka, uache mgomba utoe maua yake, na kama una ua la hibiskasi, mtazame asubuhi mapema: haingizi mdomo kwa mbele, anatoboa ua kwenye shina lake na kunywa kutoka hapo, kama mtu anayepita mlango wa uani.

Chozi anafunga kiota chake kwa utando wa buibui. Kinaning'inia kwenye kitawi chembamba, mlango uko ubavuni, na kwa mbali unadhani ni takataka zilizonaswa. Kwa sababu hiyo kona moja ya nje ya nyumba yetu, nyuma ya drumu la maji, haifagiliwi buibui. Mama mkwe alipoona hilo mara ya kwanza aliniuliza kama naumwa. Nilimwonyesha kiota. Tangu siku hiyo akija anauliza hali ya "mwenye nyumba wa nyuma" kabla hajauliza hali ya mwanawe. Na dawa za kunyunyiza wadudu uani tumeacha kabisa, kwa sababu makinda ya chozi yanalishwa wadudu na buibui wadogo.

Mabaki ya ukindu

Visharubu ulivyokata kwenye ukili usivitupe. Vikate vifupi, urefu wa kidole, uvipachike kwenye uma wa tawi. Shomoro wanavibeba kujengea. Mnana hatavigusa, yeye anachana jani bichi la mnazi mwenyewe, na ukitaka kuwafundisha watoto kuchana ukindu kwa usawa, wakamtazame anavyolivuta. Usiweke nyuzi za nailoni wala nywele za bandia zilizotoka saluni. Zinamfunga kinda mguu mpaka unaoza.

Kinda likianguka, lirudishe kiotani kama unafikia, au liweke kwenye kikapu kidogo juu ya tawi la karibu. Mama yake hatalikataa kwa sababu umelishika. Na watoto waelewe mapema kwamba ndege wa porini hafungwi kwenye tundu bila kibali cha serikali. Kunguru nao wasitegewe sumu ya panya nyumbani, maana watakaoila ni pamoja na paka, kuku na hao hao uliowaita. Funika ndoo ya taka, utumbo wa samaki ufukie, na watapungua uani kwako wenyewe.

Masika

Machi dudumizi akianza kulia nyuma ya nyumba, ile sauti ya maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, bibi yao husema mvua iko njiani, na watoto hukimbia kushusha makawa. Wakati wa masika tunapunguza chakula, maana nje wadudu na mbegu za majani ni nyingi. Makawa yakilowa siku mbili mfululizo yanaota madoa meusi, kwa hiyo kila jua linapotoka tunayaanika yakiwa yamepinduliwa, na kifuu tunakisugua upya kwa msasa. Kwetu kawa moja linamaliza kama mwaka. Likianza kuachia nyuzi kwenye ncha, ambapo waya unasugua, usililazimishe: fumua ukili, kata sehemu iliyooza, na kilichobaki kikiwa kizima kishone kawa dogo zaidi la kile chombo cha maji.